Kuondoka kwa Hiari
Somo juu ya kuacha kazi

Mtu aliyeajiriwa aweza kuacha kazi yake. Neno hili laonekana jepesi, lakini katika nchi ya Katanga halikuwa jepesi hata kidogo. Ilikuwako miaka ambayo mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya wakati alitiwa gerezani. Ikafuata miaka mingi ambayo karibu hakuna aliyetaka kuiacha. Mwishowe ukaja mwaka ambao watu zaidi ya 10,000 walilipwa ili waiache. Somo hili lahusu hao wa mwisho, na swali lake ni moja: je, ni lini mtu huweza kusema kweli kwamba ameondoka kwa hiari yake mwenyewe?

Wakatekumeni wa vijijini wasidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mjini tu. Vijiji vingi vina mtoto wao Ruashi, au Katuba, au Likasi, au Kolwezi. Mtoto huyo akiacha kazi, mara nyingi habari hufika kijijini pamoja naye, akiwa amebeba godoro kichwani. Hapo ndugu zake huanza kumhukumu kabla hawajamwuliza neno.

Ruashi ni mojawapo ya komine saba za mji wa Lubumbashi. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1950, wakati mji ulipokuwa ungali ukiitwa Élisabethville. Karibu na hapo uko mgodi wa Étoile, ambao wenyeji huuita Kalukuluku. Mgodi huo ni miongoni mwa ile iliyochimbwa kwanza na kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906. Na mwaka 1911 shaba ya kampuni hiyo iliyeyushwa kwa mara ya kwanza katika tanuru la Lubumbashi. Mtu wa Ruashi, basi, akizungumza juu ya kazi, azungumza juu ya jambo lililokuwapo kabla ya nyumba yake.

Siku zile za mwanzo wafanyakazi waliletwa kwa mapatano ya miezi michache. Wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kazi ilikuwa nzito, magonjwa yaliua watu wengi kambini, na waliotoroka hawakuwa wachache. Serikali ya Wabelgiji ikaweka sheria mwaka 1922: mfanyakazi mweusi aliyevunja mapatano aliweza kuadhibiwa kama mhalifu, kwa faini au kwa kifungo. Nyumba ile ilikuwa na mlango wa kuingilia tu.

Kisha, kuanzia mwaka 1928 hivi, kampuni ilibadili shauri. Iliona kwamba mtu aliyefundishwa kazi akiondoka kila baada ya miezi sita, ufundi nao huondoka pamoja naye. Ikaanza kuandika mapatano ya miaka mitatu na kumruhusu mtu aje na mkewe. Ikampa nyumba, posho ya unga, hospitali, na shule kwa watoto wake. Wamisionari nao walishiriki, maana shule nyingi za makambi zilikuwa mikononi mwao. Hivyo kampuni ikawa kama baba. Mzee wa kambi hakuwaza tena siku ya kuacha kazi. Aliwaza siku ambayo jina la mwanawe lingeandikwa kazini. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Kongo iliitwaa mali ya kampuni hiyo, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, lakini desturi haikubadilika. Katika miaka mizuri ya 1980 shaba iliyotoka ilizidi tani 450,000 kwa mwaka, na posho ilikuja kama mvua ya Novemba.

Baba huyo aliugua ghafula. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji mijini. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, na kati yao walikuwako mafundi wengi waliozaliwa papo hapo. Mitambo ilikosa vyuma vya kuitengenezea. Kufikia mwaka 1994 shaba iliyotoka haikufikia hata sehemu ya kumi ya ile ya zamani. Mshahara ukachelewa mwezi mmoja, kisha mitatu, kisha mwaka. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa kitabu mwaka 2001 juu ya jamaa za wafanyakazi hao, akakipa jina lenye maana ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Shaba ndilo lililokuwa jina la jimbo lenyewe siku hizo.

Hata hivyo watu waliendelea kwenda kazini. Asubuhi mtu alivaa nguo zake za kazi, akaenda kukaa karibu na mtambo uliozimwa, akarudi jioni bila kitu. Vijana wengine waliwacheka wazee hao, nao walikosea. Mzee yule hakuwa mjinga. Alikuwa anadai mishahara ya miaka miwili, pengine hata mitatu, na alijua kwamba mtu akienda zake huacha nyuma na deni analodai. Alijua pia kwamba hospitali na shule za kampuni ni za wale ambao majina yao yamo katika daftari. Sheria ya mwaka 1922 ilimfunga babu yake kwa pingu. Yeye alifungwa na mshahara ambao hajalipwa. Kifungo cha pili kilikuwa kigumu kuliko cha kwanza, maana hakuna ukuta wa kuruka.

Mwaka 2003 ulipangwa mpango mpya kwa fedha za Banki ya Dunia. Wafanyakazi, hasa waliotumika miaka 25 na zaidi, waliambiwa kwamba atakayekubali kuondoka atalipwa fedha kwa mara moja, na madai yake yote yatakwisha. Mpango huo uliitwa kuondoka kwa hiari. Katika mwaka 2003 na 2004 waliondoka watu zaidi ya 10,000, karibu nusu ya wafanyakazi wote, katika Lubumbashi, Kipushi, Likasi na Kolwezi. Kila mtu alipimiwa fungu lake kadiri ya cheo chake na miaka yake. Baadaye wengi wao walilalamika kwamba hesabu haikufuata mapatano yao ya kazi, na madai hayo yakadumu miaka mingi.

Je, hiyo ilikuwa hiari? Katekista akiuliza swali hili darasani, atapata majibu mawili, na yote mawili yana haki. Mmoja atasema: hakuna aliyeshikwa mkono, kila mtu alitia sahihi mwenyewe. Mwingine atasema: mtu ambaye watoto wake hawajala jana, ukimwekea fedha mezani, atatia sahihi karatasi yoyote. Hapa Kanisa lina mafundisho ya zamani. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mapatano hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Mfanyakazi akikubali masharti mabaya kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa mabaya zaidi, huyo ameonewa kwa nguvu, ijapokuwa hakuna aliyeinua fimbo. Barua hiyo iliandikwa kwa ajili ya viwanda vya Ulaya, miaka 112 kabla ya foleni za Gécamines. Anayesoma habari zote mbili ataona kwamba ni jambo lile lile.

Basi ni lazima kutofautisha. Kuna kufukuzwa, na hilo kila mtu hulijua. Kuna kusukumwa, yaani kuondoka kwa sababu kubaki kumefanywa kuwe vigumu mno. Hapo karatasi husema hiari, na tumbo husema vingine. Na kuna kuondoka kwenyewe, ambako mtu angeweza kubaki, akatazama huku na huku, akachagua njia. Aliyesukumwa hana sababu ya kuona haya. Wala asijidanganye kwamba alichagua, kwa maana atajilaumu bure maisha yake yote kwa shauri ambalo kweli halikuwa lake peke yake.

Wengine huuliza kama ni dhambi kuacha kazi. Si dhambi. Mathayo aliacha meza ya ushuru. Elisha alipoitwa na Eliya aliwachinja ng'ombe wake, akapikia nyama kwa mti wa nira, hata pasibaki njia ya kurudi shambani. Petro naye aliacha nyavu, lakini hakuzichoma. Baada ya Ufufuko yeye na wenzake wako tena chomboni usiku wakivua samaki. Mababa wa jamaa wangefaa kumtazama Petro zaidi kuliko Elisha. Kubaki nako si fadhila kwa kuwa ni kubaki tu. Aliyebaki kwa sababu anaogopa kuwaza hana cha kujisifia mbele ya mwenzake aliyeondoka.

Jambo linalompasa mtu ni kuwaza kabla ya siku ya kutia sahihi, wala asiwaze peke yake. Mazungumzo yafuatayo ni mfano tu, ya mume na mke wa Ruashi, jioni, bukari ikiwa imekwisha kuliwa.

«Mama, wametoa karatasi. Nikitia sahihi, mwezi ujao nitapata fedha.»

«Fedha za nini, Baba? Za kazi uliyokwisha kufanya, au za kazi utakayoiacha?»

«Wamezihesabu pamoja.»

«Basi waombe wazitenganishe. Zile za kwanza ni zako hata ukibaki.»

«Wenzangu wanasema, atakayechelewa atakosa zote mbili.»

«Yawezekana ni kweli. Na mtoto akiugua mwezi wa tatu, tutampeleka hospitali gani?»

Mume hakuwa na jibu usiku ule. Mke huyu hakumkataza mumewe. Alimwuliza maswali mawili ambayo karatasi haikuyajibu: la kwanza, kipi ni haki yake na kipi ni zawadi, la pili, ni vitu gani vitaondoka pamoja na mshahara bila kutajwa. Watu wengi huhesabu fedha watakazopokea, wasihesabu unga, dawa, shule na maji waliyokuwa wakiyapata bila kuyalipia mkononi. Hivyo vyote ni mshahara, ingawa havikupitia mfukoni.

Tena kuna hesabu ya fedha zenyewe. Fikiria mtu aliyepewa dola 3,000 kwa mara moja. Hajapata kushika fedha nyingi hivyo maishani, naye hujiona tajiri. Lakini anadaiwa 700 na mwenye duka na mkopeshaji wa riba. Karo ya watoto iliyocheleweshwa ni 600. Bati za paa, 400. Zimebaki 1,300. Kama nyumba yake hutumia 90 kwa mwezi, atakula miezi 14 na siku chache, naye hajaanza kazi yoyote bado. Na ndugu hawajafika. Watakuja, kwa kuwa habari ya fedha haihitaji barua. Wengi wa walioondoka mwaka 2003 na 2004 walijaribu biashara ndogo, au gari la abiria lililokwisha kutumika, au shamba nje ya mji. Gari huzaa fedha mpaka siku linapoharibika. Shamba halina haraka hiyo, lakini aliyepokea fedha mwezi wa Februari hawezi kupanda mahindi mpaka mvua zirudi mwishoni mwa mwaka, na katikati hapo nyumba yake yataka kula kila siku. Kwa hiyo yafaa kujua, kabla ya kuondoka, si tu mtu atafanya nini, bali ni mwezi gani kazi hiyo mpya itaanza kumlisha.

Siku hizi mambo ya Ruashi yamebadilika. Mgodi wa Ruashi wenyewe, wenye shaba na kobalti, uliingia mwaka 2012 mikononi mwa kampuni ya Jinchuan ya China. Vijana wengi wa mji huajiriwa si na mgodi bali na kampuni ndogo zinazoufanyia mgodi kazi, kwa mapatano mafupi. Na wengine huchimba kwa mikono, bila mapatano yoyote. Hawa hawana posho wala kambi. Wao huacha kazi mara kwa mara, pengine kwa hasira ya siku moja. Kwao somo ni fupi, nalo ni la karatasi.

Sheria ya kazi ya Kongo, iliyotolewa tarehe 16 Oktoba 2002, haimfungi mtu kazini kama ile ya mwaka 1922, lakini yamtaka atoe taarifa kabla ya kuondoka. Mwajiri akitaka kuvunja mapatano yasiyo na mwisho uliotajwa, hutoa taarifa ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima uliotumikwa. Mfanyakazi akitaka kuondoka mwenyewe, taarifa yake ni nusu ya hiyo. Aliyetumika miaka minne, basi, mwajiri wake angempa siku 42, naye anatoa siku 21. Mapatano yakiisha, kwa sababu yoyote ile, mwajiri yampasa kumpa cheti chenye kuonyesha kazi aliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Cheti hicho kisiachwe ofisini kwa kiburi. Tena aulize kama michango yake ya uzeeni ililipwa kweli katika mfuko wa taifa, ambao zamani uliitwa INSS na sasa ni CNSS, na aandike namba yake mahali ambapo mke wake ataiona. Wazee wengi wamehangaika kwa kukosa karatasi moja ya miaka thelathini nyuma.

Kijana anayeondoka kwa hasira hupoteza siku hizo 21 na cheti hicho kwa dakika moja, na msimamizi aliyemtukana hapotezi kitu. Kama kazi ni ya hatari kwa uhai wake, kama shimo linapasuka juu ya kichwa chake, asingoje taarifa yoyote, atoke. Lakini tusi la msimamizi si shimo linalopasuka. Mtu aweza kulala nalo usiku mmoja, akaandika barua yake kesho.

Sasa yabaki habari ya kijiji. Mtu arudipo na godoro lake, wako wanaosema, «Ameshindwa na mji.» Wako wanaosema, «Ana fedha, anaficha.» Pengine ni kweli ana fedha kidogo, nazo ni za mbegu, wakimlazimisha kuzigawa mwezi wa Agosti, mwezi wa Februari watamlisha wao. Yafaa zaidi wazee wamwonyeshe mapema sehemu ya kulima, kabla nyasi hazijachomwa na watu hawajamaliza kugawana mipaka, kwa maana mtu aliyekaa mjini miaka ishirini hana tena mahali pake, na huona haya kuomba. Mke wake aliyezaliwa Ruashi hajui kulima mihogo. Wamama wa kijiji wasimcheke; yeye ajua kuhesabu bei sokoni na kushona, na mambo hayo wao huenda wakayahitaji. Watoto wao watasema Kiswahili cha mjini darasani mwa katekista, na wenzao watawaiga ndani ya juma moja.

Maswali kwa ajili ya mkutano

Mwaka 1922 sheria ilimkataza mfanyakazi kuondoka, na mwaka 2003 alilipwa ili aondoke: katika nyakati hizo mbili, ni nani aliyeamua?

Mke wa Ruashi alitaka mafungu mawili ya fedha yatenganishwe. Kwa nini?

Petro hakuchoma nyavu zake. Kwa mtu wa mgodini, nyavu ni nini?

Ni nani amerudi kijijini hapa mwaka huu kutoka mjini, na je, amekwisha kuonyeshwa shamba?